Kilo Kumi na Nne

Jambo ninalotaka kuwauliza lilianza Jumanne, tarehe kumi na tatu Februari, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, pale daktari wa hospitali kubwa alipofunga faili la Batilda Ndunguru na kumwambia, "Figo yako inamfaa mdogo wako. Mwili wako ndio bado haujafaa."

Jibu lake sinalo. Nitawaleta watu wenyewe mmoja mmoja, kila mtu na alichojaliwa, halafu mtaona wenyewe.

Batilda alijaliwa kukaa. Alikuwa fundi cherehani wa kijiji cha Mpapati, huko kwenye milima ya Mbinga ambako mashamba ya ngolo yamejaa mashimo mashimo kama sega la nyuki. Akiketi saa moja asubuhi kushona sare za shule, huinuka jioni, na mshono wake haujapinda hata mara moja. Alikuwa na miaka thelathini na sita na hakuwa na mtoto. Mtoto pekee aliyewahi kumbeba mgongoni ni mdogo wake, Kastori, aliyemlea tangu yeye mwenyewe ana miaka tisa.

Mama yake, Mama Oresta, alijaliwa damu. Wanawake wa upande wake wote walikuwa wanene na wenye nguvu, na wote walifika uzeeni. Yeye alikuwa na sabini na moja, magoti yamechoka, sauti bado ya kuitia watu ng'ambo ya bonde.

Rafiki yake, Gaudensia, alijaliwa miguu. Alikuwa mlinzi wa bomba la maji la kijiji. Kila siku isipokuwa Jumapili aliondoka kabla jua halijatoka, akafuata bomba mpaka kwenye chanzo, akakagua viungio vyote na kurudi. Njia nzima ilikuwa kilomita tisa, na nusu yake ni kupanda.

Na Tumpe, afisa lishe wa zahanati, msichana kutoka Rungwe aliyemaliza chuo mwaka mmoja tu uliopita, alijaliwa jicho. Kitu kikibadilika kwa robo kilo, Tumpe alikiona, akakiandika kwenye daftari lake la mirabamiraba, akakosa usingizi kwa ajili yake.

Sasa turudi hospitalini.

"Una kilo tisini na moja na nusu," daktari alisema. "Kwa urefu wako, hatukupasui mpaka uwe chini ya sabini na nane. Figo moja itakayobaki itafanya kazi ya mbili. Hatutaki kuipa mzigo mwingine."

"Nina muda gani?"

"Mdogo wako anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Anavumilia, lakini mwili hauvumilii milele. Nataka nikuone kabla ya Oktoba."

Kastori alikuwa kwenye kiti cha nje ya mlango, mwalimu wa darasa la tatu aliyekonda mpaka saa imehamia karibu na kiwiko. Mkewe, Eda, alikuwa Mpapati na mimba ya miezi miwili. Batilda alipomweleza, alicheka kidogo.

"Basi dada, rudi nyumbani leo hii. Ukikaa huku na mimi utanenepa kwa mawazo."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa hapahapa. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Hawa watu wamenizoea."

Alimwacha pale. Tangu siku hiyo, kila siku tatu hizo zilipofika, Batilda aliinua macho kutoka kwenye cherehani mnamo saa nne, saa ambayo Kastori alikuwa anachomwa sindano, akayashusha tena.

Alifika kijijini siku iliyofuata, Jumatano ya Majivu. Watu walipoona anaacha mandazi wakasema dada wa mwalimu mwaka huu kashika Kwaresima kwelikweli. Hakuwakatalia.

Tumpe ndiye aliyeanza. Alikuja nyumbani, akakataa chai, akamketisha Mama Oresta na kumuuliza maswali ambayo Mama aliyaona ya utovu wa adabu.

"Bibi yake alikuwa na mwili kiasi gani?"

"Mwili wa mtu. Unataka nimpime kaburini?"

"Naomba uniambie tu, Mama. Alianza kunenepa akiwa na umri gani?"

"Ishirini. Kama mimi. Kama dada zangu wote wanne."

Tumpe alichora mduara kwa kila mwanamke, akaunganisha miduara kwa mistari, na chini kabisa akamweka Batilda. Kisha akageuza daftari.

"Dada Batilda, wewe huli kuliko Dada Gaudensia. Nimeuliza, nimelinganisha. Ila umezaliwa na mwili unaotunza. Chakula kinachopita kwa mwenzako, kwako kinawekwa, na shibe yako inachelewa kufika. Hayo yamo kwenye vinasaba, yametoka kwa mama na kwa bibi. Si uvivu na si ulafi."

Kwa miaka kumi na sita Batilda alikuwa ameamini kwamba ni ulafi. Aliangalia miduara ile, wanawake sita wanene waliounganishwa kwa kalamu ya bluu, na kwa mara ya kwanza akajiona ana watu.

"Kwa hiyo hakuna dawa," alisema mwishowe.

"Sikusema hivyo." Tumpe alikuwa na tabia ya kujisahihisha hata pale asipokosea. "Ulichorithi hakiondoki. Lakini kina nguvu zaidi kwa mtu anayekaa. Miguu ikifanya kazi kila siku, nguvu yake inapungua. Haiishi, dada. Inapungua. Na wewe unakaa saa kumi na moja kwa siku, nimehesabu."

"Na figo yangu kumfaa Kastori?"

"Hiyo nayo umeirithi. Mlichopewa na wazazi wenu kimelingana. Damu ni ileile."

Mama Oresta alijiweka sawa kwenye kiti, kama mtu aliyeshtakiwa na kusifiwa kwa sentensi moja.

Kesho yake, giza likiwa halijaachia vizuri, Gaudensia aligonga dirisha kwa spana.

"Bati. Toka."

"Bado giza."

"Bomba halijui giza. Toka, au niingie nikutoe na shuka lako."

Siku hiyo Batilda alisimama mara kumi na moja kabla ya kufika kwenye chanzo. Kila aliposimama, Gaudensia alijifanya ana kiungio cha kukagua, hata mahali ambapo bomba lilikuwa chini ya ardhi. Hakumhimiza wala kumhurumia. Alizungumza njia nzima: habari za mume wake, za mbuzi wa jirani, za wanawe wanne wa kiume ambao kila mmoja alipewa jina la upande wa baba.

"Nimezaa mara nne," alisema, "na hakuna hata mmoja anayefanana na mimi kwa jina wala kwa sura. Hata mbuzi ana bahati kuliko mimi."

Mizani ya zahanati ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila Jumamosi walikwenda kwenye ghala la chama cha ushirika, kwenye mizani ya kupimia kahawa. Mzee Hyera, karani wa mizani, hakujua kupima kitu chochote kimyakimya. Alisogeza vyuma vyake, akafumba jicho moja, akatangaza kama kawaida ya kazi yake:

"Tisini na moja na nusu. Mbichi au kavu?"

"Mbichi, baba," Gaudensia alijibu. "Ndiyo kwanza tunaianika."

Batilda alitamani ardhi ipasuke. Tumpe aliandika: 91.5.

Kufikia Pasaka ilikuwa themanini na sita. Batilda alisimama mara mbili tu njiani. Alimpigia simu Kastori, naye akamwambia anamhesabia kilo zake ukutani kwa mkaa, karibu na kitanda, mwenye nyumba akiuliza atasema ni somo la hesabu.

Halafu uzito ukakwama.

Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, themanini na sita. Ya pili, themanini na sita na nusu. Ya tatu, themanini na sita. Ya nne, themanini na saba. Batilda aliongeza mwendo, akapunguza ugali, akawa analala na njaa na kuamka amevimba macho. Kijijini wakaanza kusema anakula kwa kujificha. Hata Gaudensia aliuliza siku moja, bila kumtazama, "Au kuna kitu hunielezi, Bati?" Na swali hilo lilimuuma kuliko kilima chochote.

Jumamosi ya tano mizani iliposema themanini na sita na nusu, Batilda alishuka, akaketi juu ya gunia tupu.

"Mwambieni daktari atafute mtu mwingine."

"Hakuna mwingine," Tumpe alisema. Alifungua daftari. "Na mimi siamini. Nimefanya hesabu mara tatu. Kwa unachokula na unavyotembea, hii namba haiwezekani. Kwa hiyo kuna chakula ambacho wewe mwenyewe hukijui."

Jumatatu asubuhi alikwenda nyumbani kwa Batilda kabla ya kifungua kinywa, akaomba uji. Aliuonja. Akachukua kikombe cha Batilda, akaonja na hicho. Akaweka kikombe mezani taratibu.

"Mama, huu uji wa ulezi una karanga."

Mama Oresta aliendelea kukoroga sufuria.

"Una karanga nyingi, Mama. Na mafuta. Na kikombe cha dada peke yake, changu sicho."

"Mnampunguza mwanangu," Mama alisema, mgongo umewaelekea, "halafu mnampeleka kwenye kisu. Nani amewahi kuona? Mtu anayekwenda kukatwa hujazwa, hakaushwi."

"Mama," Batilda alisema.

"Baba yenu alianza hivihivi. Mkanda ukahamia tundu la pili, tukacheka, tukamwambia amerudi ujana. Ukahamia la tatu. Mvua za kwanza tulimzika." Alifuta mkono kwenye kitenge. "Mmoja nimeona anakonda kule mjini. Na wewe nikuangalie tu?"

Batilda alimwendea. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira hiyo asiione. Alichokiona ni mikono ya mama yake, minene, yenye vidole vifupi, mikono yake yeye mwenyewe.

"Huku si kukonda kwa baba, Mama. Nasogea ili nimfikie Kastori."

Mama Oresta aliweka mwiko chini. Kisha akaenda mpaka kwenye cherehani, akavuta kiti, akaketi.

"Miaka kumi nimekaa kwa sababu ya magoti," alisema. "Basi nikae nikiwa na kazi. Hizi sare nitazipinda chini na kushona vifungo mimi. Wewe tembea mpaka saa nne. Usiniambie asante, nitalia."

Tangu siku hiyo kilo zikaanza kushuka tena, polepole. Mwezi wa Juni chama kikafungua msimu, na Batilda akapimwa katikati ya magunia halisi. Tarehe ishirini na tisa Agosti Eda alijifungua msichana, na Kastori akamsikia akilia kwenye simu. Na tarehe ishirini na nane Septemba, Jumamosi, Mzee Hyera alisogeza vyuma vyake, akafumba jicho, akalifumbua, akasogeza tena.

"Sabini na saba na nusu," alisema, safari hii kwa sauti ndogo. "Kavu."

Gaudensia aligeukia ukuta. Tumpe aliandika namba, akachora mstari chini yake, akauchora tena juu ya ule wa kwanza.

Katikati ya Oktoba walipasuliwa, dada na mdogo wake, siku moja. Figo ilianza kazi kabla jua halijazama. Batilda alirudi kijijini baada ya wiki tatu. Kastori alibakizwa kwa uangalizi mpaka Jumamosi ya tarehe kumi na nne Desemba, na muda huo wote binti yake aliitwa "Mtoto" tu.

Maana katika nyumba ya akina Ndunguru, jina la mtoto hutajwa na shangazi. Asubuhi ya ubatizo humfunga mtoto mgongoni, hupanda naye mpaka kwenye jiwe la mpaka, juu kabisa ya shamba, na kulipaza jina mara tatu kuelekea bondeni, watu wote wasikie. Jina lazima liwe la mtu aliye hai. Tangu hapo wawili hao ni wajina. Hawaitani kwa majina. Kila mmoja humwita mwenzake "mimi". "Njoo hapa, mimi." "Mimi, umekula?" Na sharti ni moja: shangazi hatataja jina lake mwenyewe, ila akiombwa na wazazi wa mtoto.

Jioni ile Kastori alikula makande, akaweka sahani chini. Mashavu yalikuwa yamerudi kidogo, na saa ilikuwa mahali pake.

"Kesho ni Jumapili," alisema. "Mimi na Eda tumezungumza. Tunaomba jina liwe la mtu ambaye, kama asingekuwapo, mimi nisingekuwa nimekaa hapa. Dada atajua."

Alisema hivyo akitazama sakafu. Batilda aliyageuza maneno hayo kichwani. Je, alikuwa ameombwa? Au hakuombwa?

Gaudensia alikuwa wa kwanza, kama kawaida yake nusu ya utani.

"Kama ni miguu, hii hapa. Kilomita tisa, mara mia moja tisini na sita. Damu yenu ile ingekaa kwenye cherehani mpaka leo. Tumpe ni shahidi."

"Mia moja tisini na nne," Tumpe alisema. "Siku mbili ulikuwa na malaria. Dada alikwenda peke yake."

"Msichana huyu ana roho mbaya," Gaudensia alisema, na wote wakacheka.

"Miguu tunaiona," Mama Oresta alisema. "Nani alimleta mtu mwenyewe? Figo ile ilitoka tumboni mwangu kabla haijatoka tumboni mwake. Angetembea mpaka Songea, kama damu haifanani ingekuwa bure."

"Na zile kilo kumi na nne, Mama, zilitoka tumboni mwa nani?" Gaudensia aliuliza.

"Mwangu," Mama alisema. "Sikatai. Mzigo wangu na dawa yangu, vyote vyangu. Nina wajukuu saba kwa dada zangu, na huyu. Hakuna anayeniita 'mimi'."

Kicheko kikaisha. Gaudensia aliangalia miguu yake.

"Mimi msinihesabu," Tumpe alisema. "Nimepata uhamisho, Januari naondoka. Sikutembea, wala si ndugu. Niliandika tu." Alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya ukurasa.

"Ungetuacha wiki ile ya uji," Eda alimwambia, "dada alikuwa ameshakata tamaa. Damu ingekuwapo, na miguu ingekuwapo, na Kastori asingekuwapo."

Batilda alikusanya sahani. Alizikusanya moja moja, taratibu kuliko ilivyohitajika, akitega sikio kama mtu anayesubiri orodha ifike kwenye herufi yake. Alisubiri mtu mmoja aseme, "Na Batilda je?" Ni yeye aliyesimama mara kumi na moja, na ni yeye mwenye kovu. Alikuwa na hakika hawakumsahau. Walimwona kama mtu anavyoiona nyumba aliyomo, ambayo hana haja ya kuitaja kwa jina. Alitamani mno kumwita mtu mdogo "mimi", tamaa ya zamani kuliko ugonjwa wa Kastori. Akaosha sahani zote, akazifuta, akazipanga.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, aliamka saa kumi na moja na nusu. Alioga, akavaa gauni ambalo alikuwa amelishona mwenyewe na kulipunguza mara mbili. Akamfunga Mtoto mgongoni kwa kitenge cha Mama Oresta: kilo sita na nusu, Tumpe alimpima Ijumaa. Ni kilo ambazo kila mtu alitaka ziongezeke.

Akapanda. Alipita shimo hadi shimo, kwenye umande, na hakusimama hata mara moja. Alipofika kwenye jiwe la mpaka alikuwa anapumua vizuri tu, na kovu lilimvuta kidogo ubavuni, kama mkono wa mtoto anayetaka kubebwa.

Akageuka kutazama chini. Mama Oresta alikuwa amevuta kiti cha cherehani mpaka mlangoni. Gaudensia, siku ambayo haikuwa ya kazi, alikuwa anakaza kwa spana koki isiyovuja. Tumpe alisimama kando ya wengine, daftari wazi, kalamu tayari. Kastori na Eda walikuwa uani, na Kastori alikuwa ameweka mkono mahali ilipo figo. Hakuna aliyekuwa anatazama juu, na wote walikuwa wanasikiliza.

Batilda alimsogeza Mtoto mgongoni, akavuta pumzi mpaka kitenge kikakaza kifuani, akafungua kinywa.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, bonde zima limenyamaza. Kama ungekuwa wewe pale juu ya jiwe, ungeliita jina la nani?